Maji Yaliyosimama Yalikuwa Yanakwenda

Ninyi vijana wa ofisi za maji, na ninyi wajukuu zangu mnaosema bibi alikuwa analipwa mshahara wa kutazama mto, vuteni viti. Ni kweli nililipwa kutazama mto. Niliutazama tangu kichwa changu hakina mvi hata moja, nikautazama mpaka miguu ikakataa kushuka mawe. Nilidhani hakuna kitu maji yanaweza kufanya mbele yangu nikashtuka.

Basi kiangazi cha juzi juzi hapa niliyaona maji ya ndiva yametulia kama chai kwenye bakuli, mdudu akitua juu yake unamwona mpaka kivuli chake, nikaambiwa, bibi, hayo maji yanakwenda. Na kweli yalikuwa yanakwenda. Nikikumbuka yalikokuwa yanakwenda, mpaka leo mwili unanisisimka.

Jina langu ni Nanzia Mmbaga. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayeona nimekosea kuandika asinicheke, asahihishe. Lakini majina ya watu sisahau. Aliyenifundisha kazi alikuwa Zefania Mgonja, mtu wa Bombo, mrefu, mwenye suruali iliyokuwa inafika juu ya kifundo siku zote hata isipokunjwa. Ofisi ya maji ilitaka mtu anayekaa karibu na mto, asome ule ubao wenye namba uliosimikwa majini, asubuhi na jioni, na mara moja moja apime kasi ya maji. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa karibu. Ndivyo nilivyopata kazi, wala msidhani nilifanyiwa usaili.

Kupima kasi wakati ule tulitumia chungwa. Msicheke. Kijiti kinapeperushwa na upepo, jani ndiyo kabisa, lakini chungwa linazama karibu lote, linabaki limechungulia kidogo tu, kwa hiyo linakwenda na maji wala si na upepo. Unalitupa juu, mwenzako anasimama chini, mnaangalia saa. Kisha hesabu unaipunguza kidogo. Zefania alinieleza kwa nini: "Maji ya juu hayana cha kuyashika, yanakimbia. Ya chini yanasuguana na mawe, yanachelewa. Chungwa lako linakwambia habari za juu peke yake." Hayo maneno yashikeni.

Shida ya machungwa ilikuwa moja. Hatukuwahi kuyapata yote. Tukasema yamekwama mawe ya huko chini. Kumbe Mwinjilisti Yoeli Kiondo alikuwa na mahali pake pa kuoga, chini ya kivuko, na kila tukipima yeye anaokota. Jumapili moja akasimama kanisani kushuhudia jinsi Mungu anavyomletea matunda kwa njia ya maji, msimu ambao hata michungwa haijazaa. Zefania alikuwa ameketi mbele yangu. Mabega yalimtikisika mpaka mkewe akamfinya. Hatukumwambia Yoeli mpaka anastaafu uinjilisti. Ungemwambiaje?

Baadaye kikaja kipimo cha pangaboi. Ni fimbo ya chuma, mwishoni ina kipanga kidogo kinachozungushwa na maji, na waya unaokuja sikioni. Kikizunguka kinagonga, tik, tik, unahesabu. Ukitumia kile, simama pembeni na nyuma yake, usisimame mbele, maana miguu yako inayavunja maji kabla hayajafika. Siku moja tulishuka Kihurio kupima mfereji wa mpunga. Zefania akaingia, akasikiliza, akasikiliza, akatangaza mbele ya wakulima kwamba maji ya mfereji wao yamesimama. Mzee Idi Mbwana, mwenye shamba, akamtazama, maji yanampita Zefania magotini kwa nguvu kabisa, akasema, "Fundi, kama yamesimama, mbona kofia yako imeondoka?" Kofia ilikuwa imeanguka na inaelekea kwenye mpunga. Tulipokinyanyua kipimo, kipanga kilikuwa kimefungwa na uzi. Uzi wa sweta lake mwenyewe.

Sasa niwaeleze hii ya ndiva.

Kwa asiye wa huku Upareni, ndiva ni bwawa tulilochimba kwa mikono, wazee wa wazee walianza na sisi tukaendeleza. Kijito kinaingia kwa mfereji, maji yanakusanyika usiku, mbele yamezuiwa na tuta la udongo na mawe. Chini ya tuta kuna tundu la kufungulia, tunaliziba kwa gogo na udongo. Asubuhi mwenye zamu anafungua, anamwagilia maharage yake, anaziba. Ndiva yetu iko juu ya Mhezi, si kubwa, ila mtu mrefu akisimama katikati ikiwa imejaa humuoni.

Chini ya tuta, pale pale, alikaa Nakijwa Mchome, mjane, na wajukuu wake wawili. Kiangazi hicho ndiva ikawa haijai. Zamu zikawa fupi, maharage ya watu yakaanza kujikunja majani huku yana maua. Lakini migomba ya Nakijwa ilikuwa kijani inang'aa, na mikungu kama ya masika. Huku kwetu maji yakipungua hatuulizi yamepotelea wapi, tunauliza yameibwa na nani. Na ukishauliza hivyo unatafuta shamba lenye kijani. Watu wakalipata.

Mwenyekiti wa ndiva ni Elisante Mndeme, na ndiye pia mwendesha mnada wa kanisa, kwa sababu ana sauti. Mnajua mnada wa baada ya ibada, mayai, kuku, mboga, kila aliyekosa hela analeta alichonacho shambani kinauzwa hapo nje. Jumapili hiyo akanyanyua mkungu wa ndizi juu kwa mikono miwili. Watu wote tunangoja bei.

"Mkungu huu umeletwa na Nakijwa Mchome," akasema kwa ile sauti yake. "Nani atanunua ndizi zilizonyweshwa maji ya kuiba?"

Mkono wangu ulikwenda mdomoni wenyewe. Sadaka ya mtu! Mbele ya kanisa! Hakuna aliyetaja bei. Nakijwa akapita katikati ya watu, akauchukua mkungu wake mikononi mwa Elisante, akajitwisha.

"Mguu wangu haujapanda kwenye hilo tuta tangu nimzike mume wangu Eliapenda," akasema. "Lakini sawa."

Akaenda. Wiki ile ile kamati ikaamua: atolewe kwenye zamu, na baada ya mavuno ahame pale chini ya tuta, kwa kuwa kiwanja kile ni mali ya ndiva na mumewe alipewa tu akiwa mlinzi. Nakijwa akapewa muda mpaka mavuno tu. Mjane, na watoto wawili, ahamie wapi?

Hapo ndipo ofisi ikamleta Injinia Subira. Watu wa kitongoji cha chini walikuwa wamelalamika kwamba maji hayawafikii, akaja kupima yanayoingia na yanayotoka. Akapita kwangu kwanza. "Shikamoo bibi. Nimeambiwa wewe ndiye uliyepima mito ya huku zamani. Unisindikize, nisipotee." Binti mwembamba, miwani, buti zimemzidi. Nikachukua fimbo yangu.

Begani alikuwa na sanduku, na ndani kitu kama kopo nene, chini kina macho manne ya duara. Akakifunga kwenye kiboti chekundu kidogo kama cha kuchezea watoto, akakivuta kwa kamba kutoka ukingo huu kwenda ule. Kompyuta iko mapajani. Hakuna kipanga, hakuna chungwa, hakuna mtu anayelowa. Nikamuuliza kinapimaje. Akasema, "Kwa sauti, bibi."

"Mbona sisikii?"

"Ni nyembamba mno kwa sikio la mtu. Kinapiga kelele kuelekea chini, halafu kinasikiliza mwangwi."

Siwadanganyi, nilidhani ananifanyia utani wa kijana wa mjini. Lakini alinifafanulia, na nilielewa kwa njia yangu. Tulipokuwa wasichana tukipeleka mizigo barabarani, ukungu wa mlima Shengena ukishuka huoni hata mkono wako. Lori linapiga honi kila kona. Kila dereva tuliijua honi yake, ya Hatibu, ya Mzee Senkoro, kwa sababu tulizisikia malori yamesimama yanapakia. Sasa kwenye ukungu, honi ya Hatibu ukiisikia imekuwa kali kidogo kuliko unavyoijua, unaruka pembeni, maana lori linakuja. Ukiisikia imekuwa nzito kidogo, limeshakupita, linakwenda zake. Honi ni ile ile. Mwendo ndio unaoibadilisha.

"Hiyo hiyo!" Subira akapiga makofi. "Sauti yetu tunaijua. Inagonga vumbi na takataka zinazosafiri na maji, inarudi. Vumbi likiwa linatujia, inarudi kali. Likiwa linatukimbia, inarudi nzito. Na mwangwi wa karibu unawahi, wa mbali unachelewa, kwa hiyo tunajua kasi ya maji ya juu, ya katikati na ya chini, kila moja peke yake."

Jamani. Miaka yangu yote nimepima maji ya juu nikapunguza kidogo kwa kukisia ya chini. Huyu binti anayasikia ya chini yenyewe. Nilikaa kwenye jiwe.

Kwenye mifereji mashine ilifanya kazi vizuri, na jibu likatoka baya: maji yanayoingia ndiva ni mengi kuliko yanayotoka, wala ndiva haipandi.

"Si nilisema!" Elisante akageukia watu. "Kompyuta imemshika mwizi!"

"Kompyuta haijasema mwizi, mzee," Subira akamjibu. "Imesema yanapotea. Naomba niangalie ndani ya ndiva."

Ndani ya ndiva sasa. Kiboti kikaelea katikati, na kompyuta ikawa nyeupe. Hakuna kitu. Akakisogeza, nyeupe. Akainama kuchungulia maji.

"Haya maji mbona masafi hivi?"

Elisante akajinyoosha. "Tulisikia wageni wanakuja. Tulipiga msaragambo, kazi ya pamoja, kitongoji kizima, tukaikausha, tukakwangua tope lote mpaka udongo mwekundu. Hata nyasi hakuna. Ilikuwa aibu injinia akute uchafu."

"Mmeisafisha mno, mzee. Mashine inasikiliza vumbi. Maji yakiwa masafi sauti haina cha kugonga, hairudi."

"Mgeni gani huyu analalamikia usafi?" Elisante akaniuliza mimi, kama mimi ndiye mama wa injinia.

Ikabidi maji yachafuliwe. Wanawake waliokuwa wamekuja kutazama, Ndeshiwa mke wa Elisante akiwa mbele, wakapandisha kanga wakaingia kwenye mfereji unaoingiza maji, wakakanyaga udongo kwa miguu huku wanaimba na kucheka. Wiki iliyopita wamesafisha, leo wanachafua! Ndeshiwa akasema, "Mume wangu, ukitaka tusafishe tena uje na jembe lako." Tope likaingia taratibu, likatawanyika, maji yakawa rangi ya uji wa ulezi. Likatulia. Juu kimya, hata kiwimbi.

Kompyuta ikaanza kupata rangi. Subira alikuwa anacheka na akina mama. Akaacha kucheka. Akavuta kiboti karibu na tuta, akatazama. Akakirudisha, akakivuta tena mahali pale pale. Akafanya hivyo mpaka watu wakaanza kuulizana.

"Bibi, njoo uone." Akanionyesha kwa kidole. "Huku juu, hakuna mwendo. Katikati, kidogo sana. Huku chini, yanakwenda. Yote yanaelekea tuta. Na hii mashine haioni pale chini kabisa, mwangwi wa sakafu unaiziba. Kwa hiyo huko kwenyewe yanakwenda zaidi ya hivi."

"Tundu limezibwa vizuri?" nikauliza.

"Tundu liko kule. Haya yanaelekea huku." Alinyoosha mkono mahali ambapo hapana tundu lolote. Akasimama. "Nani anakaa chini ya hili tuta?"

Watu wakageukia paa la Nakijwa.

"Mwizi," akajibu mtu mmoja. Nilimjua ni nani, ila amekwisha kutubu, simtaji.

Subira hakucheka. Alieleza haraka haraka: chini ya tuta kuna mahali maji yamejitoboa njia, yanakula udongo kwa ndani. Kule ndiko yanakopotea, yanatokea chini kwenye migomba. Tope la miaka lilikuwa limepaziba kidogo. "Mlipolikwangua, mlipazibua."

Migomba! Kijani kile tulichokiita ushahidi!

"Fungueni maji sasa hivi," akasema. "Yote. Na mtoeni yule mama."

"Yote?" Elisante akashika kiuno. "Injinia, maharage yana maua. Hiyo ndiyo zamu ya watu wote mpaka Jumamosi. Nimwage maji ya watu kwa rangi ya kwenye kompyuta?"

"Mwanzo haikuonyesha rangi yoyote kwa sababu ya usafi. Sasa soma mwenyewe. Ni tuta lenu, mzee. Mimi nitarudi mjini Same jioni. Yeye atabaki chini yake."

Namsifu Elisante kwa jambo moja. Alitazama tuta, akatazama paa la Nakijwa, akavua koti akaruka majini na nguo zake za kazi zilivyo, akaanza kuling'oa gogo kwa mikono yake. Wanaume wakamfuata. Na mimi nikatumwa kwa Nakijwa, maana hakuna mwingine aliyethubutu kubisha mlango wake.

Nilimkuta anachambua mboga uani. Ua wenyewe ulikuwa umelowa. Nikamwambia atoke na watoto, ndiva inaweza kuanguka.

Hakunyanyua macho. "Mlisema mpaka mavuno."

"Nakijwa, sikuja na habari za kamati."

"Juzi nimeiba maji, leo maji yananijia yenyewe. Mwambie Elisante atafute uongo mwingine, huu haujaiva."

"Tuta linavuja kwa chini. Ndiyo maana migomba yako ina kijani. Mashine imesikia."

"Imesikia? Wewe dada Nanzia umeona kwa macho yako?"

Lo! Ningesema nimeona angetoka mara moja, lakini nilikuwa sijaona. Juu ya ndiva hapakuwa na kitu cha kuona. Nikamwambia, "Sijaona. Unakumbuka tulipokuwa tunabeba mizigo, ukungu, honi ya Hatibu? Ulikuwa unangoja ulione lori ndipo uruke?"

Akaacha mboga. Alinitazama kwa muda, uso wa mtu anayetafuta mahali nilipoficha kisu. Kisha akaingia ndani akawatoa wajukuu, mmoja kila mkono, mbuzi akafuata mwenyewe. Akanipa mimi godoro nibebe. Godoro! Na umri huu! Nikabeba.

Tulikuwa tumefika kwa jirani yake wa upande, Mama Elieza, hatujatua hata mzigo. Tuta lilipoanguka halikupiga kelele niliyotegemea. Lilikuwa kama mtu mnene anavyokaa kwenye kochi, puu. Nikageuka. Katikati ya tuta palikuwa pamekaa chini, na tope linatoka hapo, zito, halina haraka, linatembea na mawe. Maji yalikuwa yameshapungua zaidi ya nusu kwa kazi ya wale waliofungua, na bado yale yaliyobaki yalichukua migomba yote, yakachukua jiko, yakasukuma ukuta wa nyumba mpaka ukalala kitandani. Kitandani, nawaambieni. Pale ambapo lilikuwa hilo godoro nililoshika.

Wanaume walisimama ukingoni wamelowa, Elisante amekumbatia lile gogo kama mtoto. Subira aliketi chini na buti zake, kompyuta ikiwa bado wazi mapajani, nikamfungia mimi. Nikamuuliza, kama tungengoja? Akasema, "Bibi, usiniulize."

Jioni, ndiva ikiwa tupu, tuliliona shimo. Lilianza dogo, la kuingia sungura, ndani likapanuka mpaka kijana Samweli Mrutu akamulika kwa tochi akasema hapa ng'ombe anageuka. Tumepita juu yake miaka yote na mizigo kichwani, tumecheza hapo ngoma za arusi.

Elisante alimfuata Nakijwa pale kwa Mama Elieza, matope yamemkauka usoni. Akaanza, "Mama, mimi..."

"Hapana," Nakijwa akasema. "Usiniambie hapa. Hapa tuko wanne. Uliponiita mwizi tulikuwa wengi."

Jumapili iliyofuata ibada ikaisha, mnada ukatoka nje kama kawaida. Elisante akasimama mahali pake. Hakunyanyua kitu. Kofia mkononi, anaizungusha.

"Nakijwa Mchome hakuiba maji," akasema. Kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Nakijwa alikuwa amesimama na wajukuu wake, gauni la kuazima. "Mwenyekiti," akasema, "wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Sauti ikafika mpaka kwenye kengele ya kanisa.

"Na walioshaanza kwenda?"

Basi Elisante akaingiza pumzi kifuani, akatoka mpaka kando ya barabara ambako watu walikuwa wanateremka na viti vyao, akasema mara ya tatu kwa ile sauti yake yote ya mnadani. Wakasimama wote wakageuka.

"Sasa uza sadaka za watu," Nakijwa akamwambia.